Uliza Mjomba: Kasha la bibi linatema unga

Toleo lililopita niligusia kidogo tu midila ya kahawa na masinia ya shaba, basi mmenimwagia maswali mpaka simu imejaa, kumbe wagonjwa wa vitu vya kale tuko wengi. Yote siyawezi. Nimechagua yale ambayo yakingoja kitu cha watu kitaharibika, na moja la ugomvi wa ndoa.

*Shikamoo mjomba. Bibi yetu alifariki mwaka jana, katuachia kasha kubwa lenye misumari ya shaba na droo tatu chini, ndugu wamekubali nikae nalo mimi. Fundi kaja kuliona anasema alipige msasa lote, apake vanishi ya kung'aa na misumari aisugue, litakuwa kama jipya. Ila nikilisogeza naona unga unga sakafuni. Nifanyeje? – Mjukuu, Tanga*

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Fundi mpe chai, mshukuru, alafu mwambie akirudi aje bila msasa. Hiyo rangi ya kahawia iliyokoza unayoiona kwenye mbao haiuzwi dukani, imetengenezwa na mikono ya bibi, na moshi wa udi, na miaka, msasa unaiondoa kwa nusu saa alafu hairudi tena. Na vanishi ya kung'aa kwa hewa yetu ya pwani hii yenye chumvi, haimalizi misimu mingi inaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Tena hata ukija kuuza siku moja (najua hutauza, nasema tu) anayejua vitu atashusha bei akiona limepigwa msasa.

Makasha haya watu wanayaita ya Zanzibar lakini mengi yalitoka India, Surat na Bombay huko, yakaja na majahazi ya msimu wa kaskazi, na mazuri yake ni ya msaji, yaani mtiki. Bibi arusi alikuwa anawekewa humo doti zake na dhahabu zake. Sasa hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma: fungua mfuniko, angalia upande mmoja kwa ndani utakuta kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake, papasa taratibu vibao vyake, jaribu kuvipandisha au kuvitelezesha bila nguvu. Baadhi ya makasha yana vidroo vya siri hapo. Mimi la kwangu nilikaa nalo miaka minne ndo nikakigundua, ndani kulikuwa na kifungo cha kanzu na karafuu tatu zimekauka, nilifurahi kama nimeokota almasi.

Haya, tuje kwenye unga, hilo ndo la haraka. Kwanza ujue ni nani anakula. Mchwa anatoka chini au ukutani na anajenga vinjia vya udongo, dumuzi yeye anatoboa vitundu vya duara vidogo kama umechoma na sindano nene na unga unadondoka. Wewe nahisi ni dumuzi. Lakini vitundu peke yake sio ushahidi, inawezekana walikula enzi za ujana wa bibi na wameshakufa zamani, unga nao wa zamani unadondoka kila ukilitikisa. Fagia vizuri, tandika karatasi nyeusi chini ya kasha, usiliguse wiki mbili tatu. Ukikuta unga mpya umejikusanya kama vichuguu vidogo vidogo basi kuna mtu yupo nyumbani. Mara nyingi wanakula ubao wa mgongoni na chini ya droo, mana hapo mafundi wa zamani walikuwa wanaweka mbao laini ya bei rahisi, msaji wenyewe unawashinda.

Wazee wetu walikuwa wanapaka mafuta ya taa. Yanaua yule anayeyagusa tu, aliye ndani anaendelea kula, na wewe unabaki na kasha linalonuka jiko la mchina na linalosubiri kiberiti. Nunua dawa ya mbao ya wadudu kwenye duka la hardwea, isiyo na rangi, vaa glavu, litoe kasha uani kivulini, alafu uitie kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, ndiyo ni kazi ya kuchosha, weka redio. Liache wazi mpaka harufu iishe kabisa ndo urudishe nguo. Vitundu unaviziba na nta ya nyuki, na baadae ukiona kitundu kipya kisicho na nta unajua vita haijaisha.

Misumari ifute na kitambaa kikavu laini basi. Najua mnapenda ndimu na chumvi, au ukwaju, au majivu, nami nilikulia hivyo. Nikiwa na miaka kumi na tano nilitaka kumfurahisha mama siku ya kuamkia Idi, nikachukua sinia lake lenye maandishi ya kuchonga nikalisugua na majivu na stilwaya mpaka likawa kioo, mama alivyoliona akakaa chini kimya, maandishi nusu yalikuwa yameondoka. Na ndimu nayo ukiiacha muda mrefu inaitoa zinki kwenye shaba, ndo mana unaona sehemu zinabaki na wekundu wekundu usioeleweka. Kwa sinia la kutumia suuza haraka na ukaushe, lakini kwenye misumari ya kasha usitie kabisa, maji yake yanaingia kwenye mbao na kuacha duara la kijani kuzunguka kila msumari.

Mbao usiipake mafuta ya nazi, hayakauki, yanachacha na kukusanya vumbi. Nta ya nyuki kidogo sana kwenye kitambaa mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Liweke mbali na dirisha la jua, mana jua la mchana linapasua mbao, liinue kidogo kutoka sakafuni na uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta hewa ipite.

*Mjomba mambo, nina sarafu kubwa ya fedha ina picha ya mama mnene na imeandikwa 1780, na nyingine ndogo za Mjerumani. Kuna kundi la wasap wanasema sarafu kama hizi zinanunuliwa mamilioni. Niende wapi? – Kijana, Tabora*

Poa. Kaa chini kwanza. Huyo mama ni Maria Theresa, alikuwa mtawala wa Austria na alikufa mwaka huo huo wa 1780, na sarafu yake ikapendwa sana huku Bahari ya Sham, Uarabuni na pwani yetu, wazee wakiita reale, watu wakawa hawataki nyingine yoyote. Kwa hiyo Vienna wakaendelea kuitengeneza na tarehe ile ile 1780 miaka nenda rudi, hata London na Bombay walitengeneza karne ya ishirini. Yako inaweza kuwa ina umri wa babu yako tu. Ni fedha kweli, gramu 28 na kidogo, kwa hiyo thamani ya fedha ipo, mamilioni hapana.

Hizo ndogo ndo mimi zinanisisimua zaidi, mana uko Tabora! Mjerumani alileta heller mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja, na hapo ndo tukapata neno hela ambalo unalitumia kila siku bila kujua. Mwaka 1916 vita imepamba moto na meli haziwezi kufika, wakatengeneza sarafu hapo hapo Tabora, za heller 5 na 20 za shaba shaba, na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo. Angalia chini ya mwaka 1916 kama kuna herufi T. Ukiiona niandikie.

Usizioshe, usizisugue, hata na sabuni, anayekusanya sarafu anataka huo weusi wake. Usizitie kwenye vifuko vya plastiki laini vinavyonata, vinatoa maji ya kijani, weka kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Na hao wa wasap, yeyote anayekwambia utoe kwanza hela ya kuandikisha sarafu yako, mfute.

*Mjomba salamu kutoka Nairobi. Nimenunua cherehani ya Singer ya mkono Gikomba, nyeusi ina maua ya dhahabu. Imekwama. Nimwage mafuta gani? – Mama Cherehani*

Salama mama, umeokota. Sio mafuta ya kupikia tafadhali, hayo ndo pengine yaliyoikwamisha, yanaganda kama gundi. Mafuta ya cherehani matone machache kila tundu, iache usiku, kesho zungusha gurudumu kwa mkono taratibu mbele na nyuma, rudia, siku ya tatu ya nne itaachia. Maua ya dhahabu usiyafute na spiriti wala petroli, yanatoka na kitambaa. Angalia namba kwenye kitako: ikianza na herufi ni ya baada ya 1900, ikiwa tarakimu tupu ni ya kabla ya hapo, na hapo uje tuongee vizuri.

*Asalaam aleikum mjomba. Mama alipohama Unguja alikuja na santuri nzito nyeusi, sasa zina ukungu. Naweza kuzifuta na spiriti? – Binti wa Unguja, Maskati*

Waaleikum salaam. USIFUTE! Santuri zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika sio plastiki kama za baadae, zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa lak, na spiriti inauyeyusha huo utomvu, utafuta ukungu na uimbaji pamoja. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mistari, karatasi ya katikati isilowe, kausha hapo hapo. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na kwa joto la Maskati usiziache kwenye gari hata dakika kumi.

Angalia majina kwenye karatasi bibie. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na wenzake, na santuri hizo zilikuwa fahari ya kila nyumba yenye gramafoni. Kama unayo moja usiipige na sindano kuukuu ya chuma, ile sindano ni ya kubadilisha kila upande, ikichakaa inalima. Tafuta mwenye mashine ya umeme yenye sindano ya 78 muirekodi mara moja, alafu sikilizeni kwenye simu na mama yako siku nzima.

*Mjomba, kuna mfanyabiashara anataka kununua mlango wetu wa nakshi hapa Bagamoyo apeleke nje, bei nzuri. – A.*

Swali fupi jibu fupi. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940, kuitoa nchini bila kibali ni kesi, na atakayekamatwa bandarini hatakuwa yeye peke yake. Nenda idara ya mambo ya kale uulize kabla hujapokea hata advansi. Wenzetu wa Kenya nao wana sheria yao ya 2006, inahesabu vitu vya kabla ya 1895.

*Mjomba nisaidie. Nina masinia, mrashi, chetezo mbili, karabai tatu, pasi ya mkaa yenye jogoo na mbuzi nne za kukunia nazi. Mume wangu anasema nyumba imekuwa godauni. – Mama wa wawili, Kigamboni*

Mbuzi nne mama? Hapo kidogo namuelewa shemeji. Bakisha moja ile yenye kiti kilicholika vizuri, tatu wape dada zako. Karabai moja inayowaka ina raha kuliko tatu zilizokufa. Vingine vitumie: chetezo ikifukizwa Alhamisi, mrashi ukipita kwa wageni, sinia ukitolea kahawa jioni, hapo shemeji mwenyewe ataanza kuwasimulia watu ulikitoa wapi. Na kila kitu andika kwenye kikaratasi kwa penseli kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, ukiweke ndani yake, wanao wasije kukipeleka kwa mnunua chuma chakavu.

Pasi ya jogoo ibaki. Mwambie ni amri ya mjomba, na umeme ukikatika asubuhi ya Ijumaa na kanzu haijapigwa pasi, atakuja kuiulizia mwenyewe.