Kabla hujachagua fremuweki ya RPC, panda daladala ya Mbagala

Nilipoanza kujitegemea, mojawapo ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa ya duka la jumla Kariakoo. Mawakala wa Mbagala na Gongo la Mboto walizoea kuagiza mzigo kwa kupiga simu. Tajiri akataka wawe na programu. Nilikesha siku tatu nikilinganisha fremuweki za RPC (remote procedure call), yaani vifaa vya kuunganisha programu ya simu na seva: ipi ina kasi, ipi inabana data vizuri. Nikaangukia gRPC. Nikaijaribu kwangu Sinza kwenye waifai, ikaenda kama mshale.

Wiki ya pili tajiri akanipigia. "Kijana, yule mama wa Rangi Tatu kaagiza katoni 12 za sabuni. Mbona kirikuu imemshushia 36?"

Nikafunga safari. Mama akanionyesha alichofanya: alibonyeza "Tuma", kiduara kikazunguka, kikazunguka, akabonyeza tena. Halafu tena. Oda zote tatu zilifika kwenye seva. Kilichopotea njiani ni majibu. Na kile kiduara kisichoisha kilikuwa kosa langu mimi, maana gRPC usipoiwekea ukomo wa kusubiri, yenyewe haina. Itakaa hapo tu.

Utamu wa RPC ni kwamba unaita kazi iliyoko kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko kwako. Hapo hapo ndipo inapokudanganya. Watafiti Birrell na Nelson, kwenye makala yao ya RPC ya mwaka 1984, hawakuficha: jibu likirudi, kazi imefanyika mara moja, lisiporudi, imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa, na aliyeita haambiwi ni lipi kati ya hayo. Mimi nilikuwa najua kasi ya kila fremuweki, hili silijui.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza fremuweki ipi, amua oda ikitumwa mara mbili itakuwaje. Siku hizi programu yangu kwenye simu inaipa oda namba kabla haijaituma, na mtu akibonyeza tena inatumwa namba ile ile. Seva ikiona namba inayoijua, inarudisha jibu la mwanzo, haiandiki oda mpya. Sijaona fremuweki ya kukufanyia hilo.

Swali linalofuata ni nani anayeita. Kama ni kivinjari, fikiri mara mbili: gRPC imejengwa juu ya HTTP/2, itifaki ya mtandao, kwa namna ambayo kivinjari hakiwezi kuizungumza moja kwa moja. Utahitaji gRPC-Web, aina yake ya kivinjari, na mara nyingi proksi kama Envoy, programu ya kukaa katikati na kutafsiri. Mhasibu wa tajiri alitaka kuona oda kwenye kompyuta yake tu, nikajikuta nalea proksi usiku. Kwa kazi ndogo kama ile ningetumia JSON, data iliyoandikwa kwa maandishi, juu ya HTTP ya kawaida, au JSON-RPC 2.0, ambayo maelezo yake unayamaliza chai haijapoa. Tena ujumbe unausoma kwa macho yako, jambo ambalo utalishukuru saa nane usiku.

Seva kwa seva ni habari nyingine. Timu moja inaandika Go, nyingine Java, zinaitana kutwa nzima: hapo gRPC inalipa, na Thrift, fremuweki nyingine iliyoanzia Facebook ikahamia Apache, nayo inafaa. Faili la proto, linaloorodhesha kazi za kuita na sehemu za kila ujumbe, kila sehemu na namba yake, linakuwa mkataba wa gRPC. Ila chunga namba za sehemu zake. Mawakala wanabania bando, hawasasishi programu, kwa hiyo toleo la zamani litaendelea kukuita miezi mingi. Sehemu ukiifuta, namba yake usiipe sehemu nyingine. Na ukiwa na seva mbili, kagua kama zote zinafanya kazi. Muunganisho wa gRPC hukaa muda mrefu na maombi yote hupita humo humo kwenda seva ile ile, unaweza kukuta moja inahema na nyingine imelala.

Majaribio ya Sinza nimeacha kuyaamini. Napanda daladala ya Mbagala na simu ya bei ndogo, nabonyeza "Tuma" Barabara ya Kilwa, nazima data kabla jibu halijarudi, nawasha, nabonyeza tena. Kisha naangalia seva imeandika oda ngapi.

Zile katoni 24 za ziada tajiri alimwachia mama kwa mkopo. Nauli ya kirikuu ilikatwa kwenye malipo yangu.