Mpindue Tumbo Juu Kabla Hujatoa Pesa

Juzi dada mmoja wa Njoro, anayejua kwamba nakusanya wanyama wa udongo, aliniandikia usiku wa manane. Picha tatu na swali moja: "Mama Kiboko, huyu mbwa ni wa zamani kweli? Muuzaji anataka 12,000." Mbwa mweupe wa udongo, masikio rangi ya kutu, mnyororo wa dhahabu na kufuli shingoni, macho ya kushangaa kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani. Nikamwambia: mpindue, unipigie picha ya chini. Akajibu kwamba muuzaji hataki ashikweshikwe.

Dada, hapo hapo ungekuwa umeshapanda matatu ukarudi nyumbani.

Sasa nyinyi mnaoniita Mama Kiboko kwa utani, jina hilo niliuziwa kwa 8,500. Ilikuwa hapa Nakuru, kwa muuza vitu vya kale mmoja ambaye hadi leo nikimwona ng'ambo ya barabara hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Aliniapia kwamba kiboko yule wa udongo alifinyangwa kwa mkono kabla ya uhuru, na kwamba alitoka nyumba ya mzungu aliyekuwa akilima ngano. Mimi nilishapenda. Na ukishapenda, masikio huziba. Nilimbeba mapajani nimemfunga kwa leso kama mtoto mchanga, pesa zenyewe zikiwa za karo ya muhula uliokuwa unakuja.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, fundi wa dari za plasta. Hajui lolote kuhusu vitu vya kale. Alipitisha ukucha kutoka kidevuni mwa kiboko, chini ya tumbo, hadi mkiani, kisha akacheka. "Shemeji, huu ni mshono wa kalibu." Tukamulika tochi ya simu kwenye tundu la chini. Ndani kulikuwa laini kama ndani ya kikombe, na kila palipotokeza nje, ndani palibonyea vilevile. Ndivyo anavyotoka mnyama wa kumiminwa: udongo wa majimaji kama uji unatiwa kwenye kalibu ya plasta, plasta inakunywa maji, ganda linagandia ukutani, uji unaobaki unamwagwa. Kwa siku moja unaweza kutoa viboko vingi vinavyofanana kama mapacha. Kuna uzuri wake, lakini si wa 8,500.

Kisha sikio. Nilichukua ile tochi ndogo ya kukagulia noti, nikazima taa. Mwili wote ukabaki giza, sikio moja likang'aa kama meno kwenye disko. Lilikuwa limevunjika, likagundishwa, likapakwa rangi. Niliporudi dukani niliulizwa kama nina risiti. Bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Basi niwafundishe sasa nyinyi mnaonunua kwa kutazama uso! Mnyama aliyejengwa kwa mkono kwa kawaida huwa na uwazi ndani, kwa sababu udongo mnene ukiingia motoni na unyevunyevu, maji yanageuka mvuke na anapasuka. Kwa hiyo tafuta tundu, mulika, utaona alama za vidole na unene usiolingana. Mgonge taratibu kwa ukucha. Akiwa mzima hulia, akiwa na ufa hutoa sauti ya chungu kilichokufa. Na ile mistari midogo kwenye glezi, yaani ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo, mistari kama ya matope yaliyokauka, isikutie wazimu: inatokea glezi inaposinyaa zaidi kuliko udongo ulio chini yake, na wajanja huipaka maji ya chai ionekane ya miaka mia. Mawe ya Tabaka, Kisii, nayo ni kazi ya heshima, lakini yanachongwa, hayachomwi. Ukiambiwa ni udongo, ondoka.

Lakini kiboko si kidonda changu kikubwa. Kidonda ni kanga.

Jumapili moja nilikuwa Kibuye, Kisumu, nikipita kwenye vyungu. Katikati ya vyungu akakaa kanga wa udongo, ukubwa wa ngumi, hana glezi, ubavuni ana doa jeusi la moshi pale nyasi zilipomgusa akichomwa. Madoa ya manyoya yalidungwa moja moja kwa bua. Nilimgeuza, nikaingiza kidole gumba kwenye uwazi wa chini, kikatulia ndani ya alama ya kidole gumba cha aliyemfinyanga, kana kwamba tumepeana mkono. Nyanya mwenye biashara akasema alifinyangwa na mama mkwe wake, marehemu. Bei? 300. "Chukua na 250, mwanangu." Nami, kwa kiburi cha mtu aliyezoea bei kubwa, nikaona cha 250 hakiwezi kuwa na maana. Nikasema nitarudi. Nilirudi baada ya saa moja, nikakuta duara tu kwenye vumbi pale alipokuwa amekaa.

Leo rafu yangu ina wanyama 43 na wageni hupiga picha. Huwa nawaonyesha wote, kisha nawasimulia yule ambaye hayupo. Vijana, acheni kununua bei. Nunueni mkono wa mtu. Nasema tena, mpindue!

Turudi kwa mbwa wa Njoro. Asili ya mbwa hao ni Staffordshire, Uingereza, karne ya 19, na waliuzwa wawili wawili wakae juu ya meko wakitazamana. Kwa hiyo swali la kwanza: mwenzake yuko wapi? Wale wa zamani nao walitoka kwenye kalibu, ila udongo ulikandamizwa humo kwa mkono, na tundu lao huwa dogo kama punje ya njegere. Wale wa kuiga, wa kumiminwa, huwa na tundu kubwa.

Alfajiri picha ya chini ilifika. Ameingiza kidole gumba chote kwenye tundu, na ukucha umepakwa rangi nyekundu. Nikamwambia atoe 1,500, asizidishe hata shilingi. Alama mbili za buluu zimeshatokea. Jibu bado.