Je, wanzuki inaweza kupikwa nyumbani ikawa pombe kali?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Urambo, mkoani Tabora, na kila baada ya kurina asali hutengeneza wanzuki, yaani pombe ya asali, ya kunywa nyumbani tu. Sasa nafikiria kuipika, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake uliopozwa, ili nipate pombe kali ya asali, na msimu wa maembe nifanye vivyo hivyo kwa yale yanayoozea chini ya miti. Nimeambiwa kwamba matone ya kwanza yakimwagwa, na kinywaji kikiwaka kwa mwali wa buluu, basi ni salama. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na ninakuomba usipike. Mwali wa buluu huonyesha tu kwamba kileo ni kikali, kwa kuwa methanoli, ile sumu inayopofusha watu, nayo huwaka kwa buluu hafifu isiyoonekana vizuri mchana. Ama kuhusu kumwaga matone ya kwanza, wapishi hutegemea hoja kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli, kileo cha kawaida cha pombe, kwenye nyuzi 78, lakini vikiwa vimechanganyika na maji vileo hivyo havitoki kwa foleni, na methanoli huendelea kutoka pamoja na mwenzake muda wote wa kupika.

Methanoli hutokana na pektini ya matunda, kwa hiyo maembe huitoa kuliko asali, ingawa vifo vya watu wengi kwa mpigo aghalabu husababishwa na wauzaji wanaochanganya methanoli ya viwandani kwenye gongo. Kwako wewe ninahofia zaidi mtambo wenyewe. Ili kupoza mvuke, mtu hupachika rejeta kuukuu la gari, ambalo maungio yake yamechomelewa kwa madini ya risasi, na risasi hiyo, ambayo ni sumu, huingia kwenye kinywaji bila kubadili ladha wala harufu. Maungio ya bomba huzibwa kwa unga uliokandwa, nao ukikauka na kupasuka, mvuke wa kileo hushuka hadi kwenye kuni zinazowaka chini ya pipa. Kinachofuata ni mlipuko, mara nyingi jikoni penye watoto. Tena, kwa Sheria ya Moshi ya 1966 (moshi hapo ni jina jingine la gongo), kupika gongo bila leseni ni kosa. Na yeyote anayeanza kuona ukungu saa kadhaa baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, kwa maana dawa ya kuzuia sumu ya methanoli ipo, ila ni lazima iwahiwe.

Nionavyo mimi, wanzuki yako bado ina mengi ya kukupa kabla ya kufikiria mtambo. Kilo 1 ya asali katika lita 4 za maji hutoa kileo cha takriban asilimia 10, ikiwa sukari yote imeliwa na chachu. Usiichemshe asali, kwani harufu ya maua ya miombo hupotea na mvuke. Iyeyushe kwa maji ya vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa. Asali ina sukari tele lakini chakula kingine cha chachu ni kidogo mno, na ndiyo maana wanzuki nyingi hukwama njiani zikabaki tamu na nzito. Chemsha kijiko cha hamira ya mkate katika maji kidogo, acha ipoe, kisha uimimine ndani pamoja na hamira hai: ile iliyokufa huwa chakula cha iliyo hai.

Joto la Oktoba ni adui mkubwa. Likizidi nyuzi 30, chachu hutoa vileo vizito vinavyochoma koo na kufanya kinywaji kionekane kibovu, kumbe kosa ni la joto. Lizungushie dumu gunia lililoloweshwa, liweke kivulini penye upepo, na ulirudishie maji kila linapokauka. Kwenye kifuniko pitisha mpira mwembamba, ncha yake iingie katika kikombe cha maji, ili hewa itoke na nzi wasiingie.

Ukitamani ukali wa maembe au asali, loweka vipande vya embe katika pombe kali yenye leseni kutoka dukani, kisha utie asali.

Na usiijaze wanzuki kwenye chupa mapema. Mapovu yakikoma kwa wiki mbili na mashapo yakitulia chini, ihamishe polepole kwa mpira bila kuyatibua. Chupa ya kioo iliyofungwa ingali na sukari na chachu hai hupasuka.