Robe Rahisi ya Gazeti na Sentimita Ambazo Hazikuchorwa

Ujumbe umetoka Katuba, Lubumbashi, wiki hii: "Yaya, nilikata robe sawa vile gazeti inasema, mbona hainiingie?" Chini yake kuna picha: robe (gauni) isiyo na mikono, kitenge kizuri cha buluu, mshono wa mgongoni umevutika hadi uzi unahesabika. Ujumbe wa namna hii huja kila msimu na jibu lake ni lile lile. Basi liandikwe hapa mara moja kwa wote wanaoshona nyumbani.

Mdogo wangu, soma tena maelezo ya patroni yako, yaani michoro ya kukatia, utafute kama nafasi ya mshono imehesabiwa. Karatasi inayokuja ndani ya Burda, gazeti la ushonaji la Kijerumani, haina. Mstari unaouona pale ni njia ya sindano. Njia ya mkasi unaichora wewe mwenyewe, sm 1.5 nje ya mstari kila upande unaoshonwa, na sm 3 au 4 kwenye pindo. Patroni za Kimarekani zinazouzwa kwenye bahasha, kama Simplicity na McCall's, kwa kawaida zina hiyo sm 1.5 tayari. Aliyezoea za bahasha akikata Burda kwa mazoea hayo, amepotea.

Piga hesabu ya robe yako. Ina mishono miwili ya ubavuni na mmoja wa mgongoni. Kila mshono una kingo mbili, na kila ukingo umekula sm 1.5. Jumla sm 9. Kwenye Burda kifua huongezeka sm 4 kutoka saizi hadi saizi: 38 ni sm 88, 40 ni 92, 42 ni 96. Kwa hiyo umejishonea nguo iliyo chini yako kwa zaidi ya saizi mbili. Robe ya msimu wa joto iliyolegea huachiwa, tuseme, sm 8 kuzidi kifua ili mwili upumue. Hizo zimekwisha zote na bado unadaiwa moja.

Inaokoka. Fumua mishono ya ubavuni. Kata vipande viwili vya upana wa sm 7.5, urefu kutoka kwapani hadi chini, uviingize kila ubavu: ukitoa mishono, kila kimoja kinarudisha sm 4.5. Kama kitenge kimekwisha, tumia rangi moja iliyoko ndani ya maua yake, itaonekana umekusudia. Shingo nayo haina nafasi ya mshono kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo usiifunge kwa kitambaa cha ndani kitakachokula sm 1.5. Izungushie utepe wa mshazari juu ya ukingo wenyewe.

Sasa saizi. Namba ya nguo uliyonunua dukani haikusaidii hapa, kwani 38 ya Ujerumani ni 40 ya Ufaransa. Pima. Robe na blauzi huchaguliwa kwa kifua, jipe (sketi) na suruali kwa nyonga. Mwenye kifua cha 40 na nyonga za 44, na hao ni wengi mjini Lubumbashi, anakopi 40 juu, anafika kiunoni anaanza kuteremka taratibu hadi mstari wa 44. Burda huchora saizi zake za kawaida kwa mwanamke wa urefu wa sm 168. Saizi 17 hadi 22 ni zile zile 34 hadi 44, zimechorwa kwa mfupi wa sm 160. Mrefu sana ana zake, 68 hadi 88, za sm 176. Asiyejua hilo huiona 20 akadhani ni ya mtoto.

Ile karatasi yenye mistari iliyopandana usiikate kamwe. Tafuta namba ya modeli, herufi ya karatasi na rangi ya mistari, kisha namba za vipande pembeni. Pitisha mstari wa saizi yako kwa kalamu ya rangi kwanza, ndipo uweke karatasi nyepesi au plastiki inayoonyesha juu yake na kukopi. Kopi pia mshale wa unyoofu wa uzi, alama za kuunganishia na pensi, ile mikunjo ya kubana inayoshonwa. Kama patroni imetoka kwenye intaneti na umeichapisha kwa cyber, mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, na upime kabla hujalipa: mle ndani kuna mraba wa majaribio, mara nyingi wa sm 10. Ukitoka sm 9.7, kifua cha sm 100 kimekuwa 97.

Jambo linalotukosesha zaidi, kuliko hata mshono, ni upana wa kitambaa. Gazeti linahesabu kwa kitambaa cha sm 140, wakati kitenge chetu ni cha sm 115 hivi. Watu huzidisha kidogo tu kichwani, wakanunua, wakakwama. Chukua robe ya urefu wa sm 95. Nusu ya mbele ina upana wa sm 32 chini, kipande cha mgongo 33. Ukiongeza nafasi za mishono unapata sm 69.5. Kitambaa cha 140 kikikunjwa mara mbili kinatoa sm 70, kwa hiyo mbele na mgongo vinakaa bega kwa bega na mita 1.40 inatosha na mfuko juu. Kitenge kikikunjwa kinatoa sm 57. Havikai. Lazima kimoja kiwe juu ya kingine: 95 na pindo 4 na mshono 1.5, mara mbili, sm 201.

Pande la yadi 2 lina sm 183. Kuna atakayesema afupishe robe kwa sm 10, apate sm 181, aingie. Ataingia kama kitambaa hakirudi. Pamba ikirudi kwa asilimia 3 tu, 183 inakuwa 177. Kwa hiyo nunua yadi 3, au gawaneni na mwenzako pièce (pande zima) ya yadi 6. Kitakachobaki kando kinatoa mifuko na tepe za shingo. Na kitenge cha ndege au cha vichwa vya watu, kisichokubali kugeuzwa, kiongezee nusu mita, halafu uangalie duara kubwa la maua linatua wapi kifuani kabla hujatia mkasi. Hili la mwisho halifundishwi na gazeti lolote, lakini kanisani linaonekana kutoka benchi la nyuma.

Loweka kwanza. Maji baridi, usiku mmoja, ile gundi ya kiwandani itoke. Anika kivulini, piga pasi kabla ya kupima. Kisha tazama pande zote mbili. Kitenge cha wax ya kweli kina rangi sawa mbele na nyuma, kwa hiyo ukikosea kugeuza kipande kinakusamehe. Kile kiitwacho fancy kimechapwa upande mmoja. Ukikata vipande viwili vya mgongo vyote vikitazama kulia, umepoteza kitambaa. Kikunje, ukate viwili kwa pamoja.

Na soma ile sentensi ya kitambaa wanachopendekeza. Ikisema jersey, funga ukurasa. Modeli hiyo imechorwa ikitegemea kuvutika, kitenge hakivutiki, na hakuna ujanja. Ikisema viskozi, ujue mikunjo ile laini ya kwenye picha haitatoka kwenye wax. Itasimama kama mwavuli. Zinazotukubali ni zilizoandikwa pamba, popelini au kitani: robe iliyonyooka yenye mikono mifupi iliyokatwa pamoja na kifua, jipe ya elastiki, blauzi pana isiyo na pensi. Burda huonyesha ugumu kwa nukta. Anza na zenye nukta chache, hata kama unajiona fundi.

Kuna mafundi soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, wanaokata kwa macho na nguo inakaa. Heshima kwao. Lakini macho hayo yamekata maelfu ya nguo, ya kwako hayajakata, na wale wanaokucheka kwamba unashona kwa karatasi wengi wao mita ya kupimia wanaivaa shingoni kwa urembo. Shona jaribio kwa shuka kuukuu, kwa bandi ndefu, uvae, ukae, uinue mikono. Jarida la mwezi wa sita linakuja na nguo za msimu wa joto wakati sisi tuko ndani ya majaketi. Joto letu ni mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua. Una wiki za kutosha, hakuna anayekukimbiza.

Shingo ndiyo huharibu robe rahisi. Mduara ukikatwa, nyuzi zake zimelala mshazari na kila unapoishika inavutika. Kabla ya kitu kingine, pitisha mshono mmoja wa masini kuizunguka, sm 1 kutoka ukingoni, bila kuivuta. Tepe ukate kwa upana wa sm 3.5, kwa pembe ya nyuzi 45. Mraba wa sm 50 unatoa karibu mita 6. Utepe uwe mfupi kidogo kuliko shingo, sm 1 hadi 2 kwa shingo ya sm 60, na uuvute kidogo ukishona mbele. Ukiwa sawa au mrefu, shingo itapepea. Robe isiyo na zipu lazima ipite kichwani, na kichwa kinapimwa na misuko yake. Mwenye rasta nene asiamini sm 60 ya gazeti. Afungue mpasuko wa sm 12 nyuma na kifungo kimoja.

Sindano ya 80 inatosha kwa pamba ya kawaida, 90 kwa wax nzito, mshono wa milimita 2.5. Kwa jipe ya elastiki ya upana wa sm 2.5, njia iwe ya sm 3, na elastiki iwe pungufu ya kiuno kwa sm 5 hivi. Pima ikiwa imekuzunguka, umekaa kitini, kwa sababu ukisimama kila elastiki ni nzuri. Robe iliyopanuka chini itundike usiku mzima kabla ya pindo. Sehemu za mshazari zitashuka, na asubuhi utaona ubavuni kumezidi sm 1 au 2. Simama wima, mwingine akupimie kutoka sakafuni kwa rula na chaki, ukate kilichozidi, kisha ukunje sm 1, tena sm 2, upige pasi, ndipo ushone.