Maswali yenu: mwenzako Mwasia akishambuliwa New York

Wasomaji wetu wa New York wameleta maswali kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye asili ya Asia. Nimeyajibu kadiri nilivyoweza.

Shikamoo. Ndani ya treni kijana alimtukana bibi wa Kichina, eti arudi kwao na korona yake. Behewa zima tukainamia simu. Ningefanya nini bila kujitafutia balaa? (Mhudumu wa wazee, Queens)

Marahaba. Si lazima umkabili kijana. Shirika la Right To Be, zamani Hollaback!, hufundisha njia tano za kuingilia kati, na ninayoipenda ndiyo nyepesi kuliko zote: mfanye mtukanaji kama hayupo. Nenda kaketi na bibi, muulize treni inasimama wapi, hata kama hamwelewani lugha. Mtafuta ugomvi hukosa raha akinyimwa hadhira. Unaweza pia kumwita abiria mwingine au kondakta, ambaye kwa kawaida hukaa behewa la katikati. Kurekodi video ni sawa pale tu ambapo mwingine ameshamsaidia bibi, na video hiyo ni mali ya bibi, si ya TikTok yako. Kumkemea mtu ana kwa ana iwe njia ya mwisho, na ukiona silaha, piga 911 ukae mbali.

Kuna njia moja nimeibakiza kwa makusudi: kukaa na mwathiriwa mambo yakishatulia. Machi 2021 mama wa Kifilipino mwenye miaka 65 alipigwa mateke karibu na Times Square, na kamera ikanasa mfanyakazi wa jengo akifunga mlango. Watu walikasirishwa na ule mlango karibu sawa na mateke yenyewe. Kwa hiyo hata kama ulinyamaza wakati wa matusi, bado unaweza kumfuata bibi kituoni umuulize, "U mzima, mama? Nikusindikize?"

Korona imepita. Bado tunalizungumzia hili la nini?

Kwa sababu halikuanza na korona. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mwaka 1982, Detroit ikilaumu magari ya Kijapani kwa watu kukosa kazi, Vincent Chin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina ambaye hata Mjapani hakuwa, aliuawa kwa rungu la besiboli. Wanaume wawili waliohusika walitozwa faini ya dola 3,000 kila mmoja na hawakufungwa. Siku nne baada ya Septemba 11, 2001, Singasinga mmoja alipigwa risasi Arizona, kilemba chake kikidhaniwa ni cha adui. Serikali zikigombana huko juu, anayelipa ni mwenye duka la mtaani.

Video nyingi zinaonyesha Mweusi ndiye mpigaji. Sisi Waafrika tunaona aibu. Ni kweli? (Bronx)

Wapo, tusijifiche. Lakini video inayosambaa si sensa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliopitia rekodi za uhalifu wa chuki za 1992 hadi 2014, ulikuta karibu robo tatu ya waliowashambulia Waasia walikuwa Wazungu. Utafiti huohuo ulionyesha pia kuwa Waasia hushambuliwa na wasio Wazungu kwa kiwango kikubwa kuliko wanavyoshambuliwa waathiriwa Weusi au Walatino. Ukitaja nusu moja ya habari hii, taja na ya pili. Aibu ya mtu usiyemjua usiibebe. Mjomba anayewaita majirani "wala popo" mbele ya watoto wako, huyo unamjua, na unaweza kumnyamazisha leo.

Mimi ni Mhindi wa Dar es Salaam, nina kibanda cha simu hapa. Nilipigwa ngumi nikiitwa gaidi. Karatasi zangu hazijakamilika. Nikienda polisi nitakamatwa?

Pole sana, ndugu yangu. Tangu 2003 jiji lina agizo kwamba polisi wake wasimuulize mwathiriwa wala shahidi hali yake ya uhamiaji. Hata hivyo, onana kwanza na wakili wa uhamiaji, maana serikali kuu ina mambo yake. Muulize kuhusu viza ya U, ya waathiriwa wanaosaidia upelelezi. Hutolewa 10,000 tu kwa mwaka na foleni yake ni ya miaka.

Ukiripoti, hakikisha neno "gaidi" limeandikwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2000 huongeza uzito wa kosa nia ya chuki ikithibitishwa. Neno lile lisipoandikwa, utabaki na kesi ya ngumi ya kawaida. Tunza risiti za hospitali na uandike siku ulizofunga kibanda, kwa sababu ofisi ya jimbo ya waathiriwa hulipia matibabu, ushauri nasaha na mapato yaliyopotea bila kujali uhamiaji. Safe Horizon, shirika la kuwasaidia waathiriwa, watakusaidia kujaza fomu. Matusi bila kipigo yapeleke Tume ya Haki za Binadamu ya jiji. Ukipiga 311, namba ya huduma za jiji, omba mkalimani.

Jumuiya yetu ifanye nini?

Kusindikiza. Mwaka 2021 watu wa kujitolea walianza kuwasindikiza wazee wa Chinatown, mtaa wa Wachina wa Oakland, California, wakienda sokoni na benki, na haikuhitaji bajeti kubwa. Mahakamani pia wasindikizeni, kwani kesi huahirishwa mara kwa mara na mwathiriwa hukata tamaa akienda peke yake. Gawaneni zamu, na wenye magari wajiandikishe kwanza.