Chembe za nano zinazong'aa zinamsaidiaje daktari?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nasoma kozi ya maabara hapa Mwanza, mwalimu kagusia chembe zinazong'aa eti zinaonyesha seli za kansa, akapita haraka. Zinafanyaje kazi, na mtu akidungwa si zitamdhuru? – Msomaji, Igoma

JIBU: Asante mdogo wangu. Maarufu zaidi ni kwantamu doti, vifuwele vya nanomita kama 2 hadi 10 hivi, na nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni. Ukizimulika na mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, zinatoa rangi, na hapa ndo utamu wenyewe, rangi inafuata saizi, ndogo bluu kubwa nyekundu, japo madini ni yaleyale! Wanasayansi Bawendi, Brus na Ekimov walipata tuzo ya Nobeli ya kemia 2023 kwa hizi.

Sasa seli nyingi za kansa zina protini fulani nyingi kupita kawaida, kwa hiyo wataalamu wanabandika kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika kitu maalumu, kwenye chembe, inaenda kunasa kwenye protini hiyo kama ndoana kwa sangara, we unaangalia kwenye hadubini. Rangi za kawaida za maabara zinafifia mapema, hizi zinadumu, na taa moja inawasha rangi kadhaa kwa mpigo.

Kudungwa, una haki kuogopa. Nyingi zina kadimiamu, metali yenye sumu, ikivuja inaumiza figo na ini, ndo maana zinatumika zaidi kwenye sampuli na wanyama wa utafiti, na watu wanajaribu za kaboni na silika. Mi moyo wangu uko kwenye vipimo vya karatasi vyenye chembe hizi, tone la damu tu, vikifika zahanati za visiwani Ukerewe na Ukara kule vitasaidia mno.