INR 6, ufizi unavuja damu: achomwe vitamini K dukani?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema mama yuko Sengerema, ana valvu ya chuma kwenye moyo, anakunywa warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande), INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, imesoma 6 wakati kliniki walimwambia isizidi 3.5, na ufizi unavuja akipiga mswaki. Muuza duka la dawa anataka amchome vitamini K kwenye tako "ili dawa itoke mwilini". Asichomwe. Warfarini ya leo usiku asinywe, na leo hii aende hospitali akaonwe, asingoje tarehe yake ya kliniki.

Mimi si daktari. Namuuguza kaka yangu wa Ukerewe mwenye valvu kama hiyo, na haya nimeyaona wodini.

Kwanza hiyo sindano ya tako. Mtu ambaye damu yake haigandi ukimchoma kwenye msuli, damu inaweza kuvujia humohumo ndani, tako likavimba likawa gumu. Vitamini K hospitalini hutolewa kwa mdomo au kwenye mshipa, na ya mshipa huchanganywa kwenye dripu ikaingia polepole kwa kama nusu saa, kwa sababu wapo wanaopata mzio mkali ghafla. Nesi alikaa pembeni ya kaka muda wote. Dukani nani atakaa?

Pili, haifanyi kazi papo hapo, na hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya. Warfarini inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Ukimpa mgonjwa vitamini K, ini linapata tena malighafi, lakini kazi ya kutengeneza bado iko mbele yake. INR huanza kushuka baada ya saa kadhaa, na kutulia kabisa inaweza kufika siku nzima.

Kwa hiyo mtu anayevuja kwelikweli hangoji ini. Kaka alivuta nyavu, mgongo ukamkaba, akanunua diklofenaki. Tumbo likamsumbua, akaongezewa Flagyl. Flagyl inapandisha nguvu ya warfarini, diklofenaki inachubua tumbo. Mchanganyiko mbaya kuliko huo sijui kama upo. Choo kikawa cheusi ti, kinanata kama lami. Kutoka Nansio, kule kisiwani Ukerewe, ukikosa kivuko unabaki unayatazama maji, afadhali nyie mna daraja la Kigongo–Busisi tangu 2025.

Hospitalini (jina niachie) mapokezi walitaka tupange foleni ya faili. Nikawaambia kwa sauti: "Huyu anatumia warfarini na anavuja damu ndani." Daktari wa zamu alitoka mwenyewe. Hayo maneno mawili, warfarini na anavuja, yatangulize kabla ya salamu.

Alipewa vitamini K ya mshipa miligramu 10 pamoja na plazma, yaani yale maji ya damu yenye protini zilizokwisha tengenezwa na mwili wa mchangiaji. Zinatoka benki ya damu zimeganda kama barafu, zinayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, na hapo tena unangoja. Kipimo huenda kwa uzito, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anaingiziwa mililita 600 hadi 900. Kwa moyo mchovu huo ni mzigo, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu. Kaka alianza kuhema juujuu, wakamkalisha na kumpa Lasix, dawa ya kukojoza maji. Nchi zenye uwezo hutumia protini hizohizo zilizokolezwa kwenye kichupa kidogo, INR inashuka ndani ya dakika chache. Mimi hicho kichupa sijawahi kukitia machoni.

Sasa kwa nini daktari anaweza kumrudisha mama bila sindano yoyote? Kwa sababu ya ile valvu. Ukiishusha INR kwa pupa, damu inaweza kuganda juu ya chuma, valvu ikakwama au bonge likapanda kichwani akapata kiharusi. Na vitamini K nyingi inaifanya warfarini igome kwa wiki au zaidi. INR ya 6 kwa mtu asiyevuja sana, mara nyingi ni kuruka dozi moja au mbili, kupima tena, kisha kupunguza kipimo. Hiyo si dharau, mkuu.

Ila akianguka akagonga kichwa, hata kama anaongea vizuri, au kichwa kikimuuma ghafla, mdomo ukapinda, akatapika damu au choo kikawa cheusi, hapo ni gari, usiku huohuo.

Chukua na pakiti ya dawa, si maelezo ya mdomo. Wapo humu wenye wagonjwa wanaotumia Xarelto na wenzake, dawa nyingine za kuzuia damu isigande: kwa hizo vitamini K haisaidii chochote. Heparini, ile ya sindano, nayo ina dawa yake ya kuizima, protamini. Wenye valvu za chuma hubaki na warfarini.

Mchicha na matembele asiache, ale kwa kiasi kilekile cha siku zote. Ninachotaka kujua ni dawa gani nyingine ameanza hizi wiki mbili, Flagyl, Septrin, dawa ya fangasi, hata ya kienyeji. Muulize, halafu umtajie daktari zote.